Mafuta ya Haraka

4 Februari

Punje wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi huku wazima. Binti yangu bado yuko kwangu na mwanawe, maana mumewe ameongezewa mkataba wa kazi huko mbali, na mtoto ametimiza miezi saba. Halali mchana mpaka alazwe kifuani kwangu, na mama yake anajifanya kuona wivu.

Naandika kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwenye simu binti akiwa sebuleni, atanicheka.

Wiki iliyopita alikuja mpiga picha ofisini, kupiga picha za kalenda ya kampuni. Unajua nina miaka ishirini na miwili kwenye dawati lile la mapokezi. Kila aliyekata bima katika mji huu nimemkaribisha mimi. Nilivaa gauni la bluu, nikapaka wanja, nikakaa. Meneja mpya akatoka, akanitazama, akasema, "Mama, hebu simama kidogo." Nikasimama. Akamwita yule msichana aliyeajiriwa Novemba, akamkalisha kwenye kiti changu. "Ni kwa ajili ya picha tu," akasema. Mimi nikapewa kazi ya kushika pazia ili mwanga uingie vizuri. Punje, nilishika pazia.

Jumatatu nikakuta viti viwili mapokezi. Meneja akaniita pembeni: "Wewe ni hazina ya ofisi hii, ila mteja akifungua mlango anataka kuona uchangamfu." Tena akanitajia chumba cha majalada kule chini, eti kina utulivu. Kile chumba hakina hata dirisha!

Nilitoka kazini nikaingia duka la vipodozi. Mdogo wangu, rafu nzima ni za kurudisha ujana. Kuna seramu, kuna retinoli, kuna kolajeni, kuna asidi. Nikajiuliza, asidi usoni, kwani mimi ni betri? Nikatoka mikono mitupu na kichwa kinaniuma.

Wewe ndiye mfamasia wa ukoo. Niambie ukweli, kipi kinafanya kazi na kipi ni longolongo. Na usiniambie kwamba uzee ni heshima. Heshima hiyo nimeiona kwenye pazia.

Dada yako


11 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako nimesimama nyuma ya kaunta, na mteja akaniuliza kama nimepata msiba. Huyo meneja ningemtia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi nikaitikisa.

Haya, sikiliza. Makopo yote uliyoyaona yanagawanyika katika mafungu machache tu, hata kama majina yake ni mia.

La kwanza, na ndilo watu wanaloliruka, ni mafuta ya kukinga jua. Makunyanzi na madoa yako mengi hayajaletwa na umri, yameletwa na jua. Dawati lako limetazamana na dirisha kubwa la kioo kwa miaka ishirini na miwili. Ukinunua mengine yote ukaacha hili, ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja.

Halafu kuna yale ya kushika maji kwenye ngozi, yenye gliserini na wenzake. Hayafuti kunyanzi, yanaijaza ngozi ionekane nyororo mpaka jioni. Si uongo, ila ni ya siku kwa siku. Kolajeni ya kopo nayo iweke hapo hapo. Haipenyi ikawa kolajeni yako, inakaa juu tu na kulainisha.

Retinoli ndiyo yenye kazi ya kweli. Inatokana na vitamini A, inaihimiza ngozi ijitengeneze upya. Lakini ni ya pole pole. Unapaka kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa wiki, usiku. Mwanzoni itakuchubua na utanilaani. Matokeo utaanza kuyaona baada ya wiki kumi na mbili. Binti yako asiiguse kama ana mpango wa kubeba mimba nyingine. Vitamini C ni ya asubuhi, inasaidia kung'arisha. Na asidi si za betri, zinaondoa ngozi iliyokufa, ila kwa sasa ziache, usije ukachanganya mambo mengi kwa pamoja.

Kuna fungu la mwisho. Hayo ni makopo yasiyoandikwa yametengenezwa wapi wala na nini, yanayoahidi sura mpya kwa wiki moja. Hayo mara nyingi yana zebaki, au dawa kali za hospitali zilizochanganywa kienyeji. Yanafanya kazi kweli, dada, na hapo ndipo yanapoua. Ukiyaona, pita mbali.

Mume wangu anakuja huko tarehe kumi na nane kwa shughuli zake za kusambaza bidhaa kwenye maduka. Atakuletea mzigo wangu, mafuta ya jua, ya kushika maji, na tyubu moja ndogo ya retinoli. Mpokee vizuri, na usimpe chai yenye sukari, daktari kamkataza.

Mbusu mjukuu wetu.

Punje


14 Machi

Punje,

Ungeniona usingenijua!

Mafuta yako ni moto wa kuotea mbali. Mwezi haujatimia na uso umekuwa kama wa mwari. Yale madoa ya mashavuni hayapo. Hata shingo imekuwa nyeupe, imelingana. Meneja alinipita mlangoni juzi, akarudi hatua mbili, akasema, "Mama, umetoka likizo?" Likizo! Nikamwambia nimeamua tu kulala mapema.

Habari za chumba cha majalada zimekufa kifo cha kawaida. Yule msichana naye ananiuliza siri yangu kila siku. Ana chunusi za kidevuni zinamnyima raha. Unajua nilikuwa namchukia, lakini si mtoto mbaya. Nikamchotea kidogo kwenye kopo.

Shemeji alifika salama, akala akashiba, akaondoka kesho yake. Mtoto ana meno mawili. Anasumbua kidogo siku hizi, wanasema ni meno.

Asante sana, mdogo wangu. Umenirudishia kiti changu.

Dada


20 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako mara tatu na moyo haujatulia.

Mimi sikukuletea kopo. Nilikuletea chupa mbili na tyubu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa madoa kwa wiki nne, na hakuna kinachoifanya shingo kuwa nyeupe. Retinoli kwa wiki nne ingekuwa bado inakuchubua, ungekuwa unanitukana badala ya kunishukuru.

Hilo kopo ni la nini? Limeandikwaje? Amekuuzia nani?

Ninachokuomba ni kimoja. Liache leo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, unitumie kwa basi. Na huyo msichana mwambie aache pia. Sikugombezi. Naogopa.

Punje


3 Aprili

Punje,

Nimekujibu kwa kuchelewa kwa sababu nilikuwa na hasira.

Mimi ni dada yako. Nilikuvusha barabara ukiwa na sketi ya shule, leo unaniuliza maswali kama polisi. Kopo ni kopo. Nilinunua dukani, limeisha, basi. Wanawake wangapi hapa mjini wanapaka na wako wazima? Wewe ukisoma vitabu vyako unaona sumu hata kwenye maji ya kunywa.

Mimi sina tatizo lolote. Nimechoka tu, kazi ni nyingi. Miguu inavimba jioni, lakini nani wa rika langu haivimbi?

Usiniandikie tena habari za kopo. Niandikie habari nyingine.

Dada


9 Aprili

Dada,

Sawa, sitauliza kopo. Nitauliza mwandiko.

Nimeweka barua yako ya Februari na hii ya juzi, pamoja, mezani. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akionyesha daftari lako kwa madarasa mengine. Hii ya juzi mistari inapanda na kushuka, na kwenye neno "hasira" kalamu imetoboa karatasi. Mkono wako unatetemeka. Tangu lini?

Miguu kuvimba, mkono kutetemeka, hasira za ghafla. Nenda ukapime mkojo. Ni kikopo kidogo tu na dakika tano. Kama niko kichaa, majibu yatanisuta, nami nitakuja kukuomba radhi kwa magoti.

Nijibu, tafadhali.

Punje


25 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Ni mimi, binti yako. Mama hajui kama nakuandikia. Nimezikuta barua zako chini ya godoro lake nilipokuwa nabadilisha shuka. Ya mwisho hajaifungua. Nimeifungua mimi, nisamehe.

Mama hayuko sawa. Halali. Nikiamka namkuta ameketi jikoni, anatazama ukuta. Juzi alinifokea kwa sababu ya kijiko, halafu akalia. Yeye aliyekuwa akinitania kutwa! Kikombe anakishika kwa mikono miwili, na bado chai inamwagika. Ofisini amesema ni baridi ya kiyoyozi.

Lakini kinachonifanya niandike ni mtoto. Hataki kunyonya. Hataki uji. Viganja na nyayo vimekuwa vyekundu kama vimeungua, ngozi inabanduka, na anatokwa jasho mpaka nguo inalowa. Anakunja uso mwanga ukimpiga. Alikuwa anakaa mwenyewe, sasa ukimkalisha anaanguka. Nimempeleka zahanati mara mbili. Mara ya kwanza wakasema meno, mara ya pili wakasema mzio wa sabuni.

Mama anampenda kupita kiasi. Akirudi kazini anamchukua, anamlaza kifuani, na mtoto anamlamba shavu mpaka anasinzia.

Hili hapa kopo. Nimelitoa kwenye droo yake. Humo yamebaki mengine mawili. Jeupe, kifuniko cha rangi ya dhahabu, halina maandishi isipokuwa ua. Ndani ni kama siagi ya kijivu.

Mama mdogo, sijui nafanya nini. Niambie tu nifanye nini.

Binti yako


28 Aprili

Binti yangu,

Tumeongea kwenye simu lakini ulikuwa unalia na mimi pia, kwa hiyo nakuandikia yote, nimempa dereva wa basi la asubuhi akuletee mkononi. Mwonyeshe daktari karatasi hii.

Usisubiri majibu ya kopo. Nimelipeleka kwa mkemia ninayemwamini, lakini mtoto asisubiri. Mpeleke hospitali kubwa leo, si zahanati. Mwambie daktari hivi: bibi yake anapaka krimu ninayoishuku kuwa na zebaki, mtoto amekuwa akilala kifuani kwake kwa miezi miwili, ngozi kwa ngozi. Apimwe damu na mkojo kwa ajili ya zebaki. Mama yako naye apimwe, na aangaliwe figo. Nawe pia, maana unafua taulo zake na unanyonyesha.

Taulo, mito na shuka za mama yako usifue pamoja na nguo za mtoto. Vitie vyote kwenye mifuko, ufunge. Fungua madirisha. Makopo mawili yaliyobaki yafunge kwenye mifuko miwili miwili, usitupe jalalani, mkaguzi wa afya atayachukua.

Mama yako akigoma, mwambie maneno haya haya: Punje amesema anayeumwa ni mtoto.

Na muulize ameyatoa wapi. Si kwa ajili ya kumsema. Makopo haya hayaji matatu matatu, yanakuja kwa maboksi. Kuna nyumba nyingine zenye watoto wachanga.

Mama mdogo


8 Mei
Wodi ya wanawake

Punje,

Samahani kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Nikiandika ndogo hazisomeki.

Mkemia wako amempigia daktari. Wote mmesema neno moja. Mtoto yuko wodi ya ng'ambo, anapewa dawa ya kutoa zebaki mwilini. Siku ya kwanza nilipelekwa kumwona nikamkuta mama yake amembeba. Nikanyoosha mikono. Binti akarudi nyuma hatua moja. Alirudi nyuma tu, na mimi nikajua kwamba ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Mimi figo zinavuja. Daktari anasema nimewahi, huenda zikarudi. Yule msichana wa mapokezi nimempigia simu nikamwambia aje apimwe. Yuko kitanda cha nne kutoka kwangu. Haongei na mimi.

Sasa nikujibu swali lako. Nimekaa nalo siku kumi. Binti yangu ameniuliza, daktari ameniuliza, mkaguzi wa afya ameniuliza, wote nimewaambia nilinunua kwa mchuuzi wa njiani nisiyemjua.

Ni shemeji.

Alikuja tarehe kumi na nane Februari na mzigo wako. Nikaufungua mbele yake, nikamsomea maelekezo yako. Njegere mara mbili kwa wiki, wiki kumi na mbili. Nikamwambia, "Mwisho wa mwezi huu ndipo meneja anaamua, mimi hizo wiki kumi na mbili nazitoa wapi?" Akacheka. Akaenda kwenye gari, akarudi na makopo matatu. "Za mdogo wako ni za kitabuni," akasema. "Hii ndiyo wanayotumia wenye haraka. Ila usimwambie, atanisumbua kichwa bure."

Hakutaka hata senti. Alikuwa anamsaidia shemeji yake. Na nikiwa dirishani nikaona kwamba gari limejaa maboksi ya makopo yale yale, na kesho yake yakawa kwenye lile duka la vipodozi mkabala na ofisi.

Ulipoanza kuniuliza, nilielewa kwamba hujui. Nikajiambia, nikisema, ndoa ya mdogo wangu imekwisha, na kwa sababu ya makunyanzi yangu. Nikaamua kunyamaza. Sikujua kwamba nanyamaza juu ya mtoto.

Nimemaliza. Sasa unajua ninachojua.

Dada


15 Mei

Dada,

Barua yako niliipokea saa nne asubuhi. Nikafunga mlango wa duka, nikageuza kibao, nikaenda stoo. Wewe unajua mimi naangalia dawa na yeye anaangalia mizigo, ndivyo tulivyogawana tangu tulipofungua. Nyuma ya katoni za nepi kulikuwa na maboksi kumi na manne. Nikapasua moja. Ua, kifuniko cha dhahabu.

Nikayatoa yote, nikayapanga sakafuni, nikakaa kwenye stuli kumsubiri.

Akaingia saa saba, akaona, akasimama. "Nani kakuambia?"

"Mtoto wa miezi kumi," nikamwambia. "Kaniambia kwa viganja vyake."

Alijua mtoto anaumwa. Nilimwambia mwenyewe, alinifariji, akanipikia uji wiki nzima. Nikamuuliza kama alijua kinachomuumiza. Akakaa chini kwenye boksi. "Nilishuku," akasema. "Nikasema labda sivyo. Kila mtu anauza hizi, mke wangu. Watu wanakuja wenyewe, wanaziomba."

"Wanaomba sumu?"

"Wanaomba sura."

Nikamwambia naenda kwa mkaguzi wa dawa na vipodozi. Hapo ndipo akainua kichwa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akanyoosha kidole ukutani. "Leseni iliyotundikwa pale ina jina langu au lako? Ukienda, wa kwanza kufungiwa ni wewe. Miaka kumi na tano. Fikiria vizuri."

Nikafikiri, dada. Sitakudanganya. Nilifikiri kwa muda wa kama robo saa, nimemtazama, na kwa dakika kadhaa nilikuwa naelekea kukubali. Kuyachoma maboksi kimya kimya, kumwapisha, yaishe. Halafu nikakumbuka duka lile mkabala na ofisi yako. Nani angewaendea wale walionunua?

Nikafunga stoo, nikaweka ufunguo kifuani, nikaenda. Jioni walikuja na gari, wakachukua maboksi, wakapiga lakiri mlangoni. Leseni yangu imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Yeye ameandikisha maelezo polisi, sasa yuko kwa kaka yake.

Lakini kuna jambo ambalo nimemwambia mkaguzi na sijakuambia wewe, na nisipokuambia nitakuwa sina tofauti na mume wangu.

Desemba niliyaona maboksi hayo. Hayakuwa na lebo. Mimi, mfamasia, ninayesoma kila kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya kila paketi. Nikamuuliza, "Haya ni ya nini?" Akasema, "Losheni za saluni." Nilikuwa na kisu cha katoni mkononi, kilikuwa mkononi kabisa. Tulikuwa tumetoka kupatana baada ya mwezi mzima wa kununiana, na nyumba ilikuwa imetulia. Sikutaka kufungua. Nikakiweka kisu mfukoni.

Februari nikakuandikia barua ya kukuonya juu ya makopo yasiyo na maandishi, huku yamekaa hatua kumi kutoka kwenye kiti changu.

Wewe ulinyamaza kwa ajili ya ndoa yangu. Na mimi pia. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi nitaelewa.

Punje


9 Juni

Punje,

Nimeruhusiwa kutoka tangu tarehe ishirini na tisa. Sikukuandikia kwa sababu sikuweza, na si kwa ajili ya mkono. Mkono una nafuu, kama unavyoona.

Barua yako niliikuta nyumbani, ikanikasirisha. Nilimpa binti aisome. Akaisoma mara moja, akairudisha kwenye bahasha, akasema, "Sasa angalau tumebaki bila siri." Akaenda kumwogesha mtoto. Yeye ana moyo kunishinda. Mimi nilikaa na hasira siku tisa. Nilikuwa nafua, nakuwaza na kile kisu, nafua tena.

Mtoto anakaa. Juzi alisimama ameshika kiti, akaanguka, akasimama. Daktari anasema watamfuatilia mpaka aanze shule, hawezi kuahidi kitu, lakini anaona dalili nzuri. Ngozi ya viganja imerudi. Kwangu haji bado, na sijamlazimisha. Nakaa mbele yake nikiimba, naye anaitikia akiwa mapajani kwa mama yake. Uso wangu umerudi na madoa yote, na mengine mapya. Napaka ya jua peke yake.

Mkaguzi alikuja na karatasi zake. Nilimwambia kwamba yale maelezo ya kwanza yalikuwa uongo, hakukuwa na mchuuzi. Akauliza, "Aliyekupa ni nani yako?" Nikasema ni mume wa mdogo wangu. Akaniuliza kama nina hakika nataka iandikwe hivyo, kwa sababu nitaitwa mahakamani, nitasimama mbele yake. Nikamwambia andika. Nikasaini.

Kuwaonya wengine, yule msichana alikuja nami. Kule wodini alikuwa hataki kuniona, mpaka siku moja akaja kukaa kitandani kwangu, akasema, "Mama, na mimi nilimpa dada yangu." Basi tukatoka pamoja, tukaanza na dada yake, kisha wawili wa ofisi ya malipo waliokuwa wakipaka nao, kisha tukaingia lile duka mkabala. Mwenye duka alitufukuza na ufagio. Tukasimama nje mlangoni siku tatu, kila anayetoka na kopo tunamwambia. Wengine walitutukana. Wengine walilirudisha ndani. Mama mmoja alikuwa na mimba ya miezi sita, amelipaka tangu Aprili. Msichana akamshika mkono, akamsindikiza mwenyewe hospitali. Siku ya nne wakaguzi wakafunga lile duka.

Kazini nimekwenda kuaga. Meneja alikuwa ameniandalia chumba cha majalada, akasema kwa hali yangu ya afya nitakifurahia. Nikamwambia nitakwenda kufurahia kwangu, na barua ya kustaafu iko mezani kwake. Kiinua mgongo kidogo kipo.

Sasa wewe. Nasikia umekaa ndani umejifungia, huli, na majirani wanakupita kama una ukoma, wengine wakisema umemfunga mumeo. Nani kakuruhusu usiniambie? Binti kapata habari hizo kwa mwenye nyumba wako.

Punje, sijakusamehe bado. Nakuambia ili usije ukafikiri yamekwisha. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe, halafu kliniki nawasikia wakimtoboa mtoto kidole kupima damu, nami narudi mwanzo. Nawe najua kuna mahali hujanisamehe, maana ningesema Machi, mtoto asingefika kulazwa.

Lakini nimekata tiketi. Ijumaa, basi la saa mbili, nakuja peke yangu. Kikao cha leseni yako ni Jumatatu, na mkaguzi ameniambia wanaruhusu mtu mmoja wa familia kukaa kiti cha pembeni. Nitakaa mimi. Wakikuuliza kuhusu Desemba, utawajibu ukweli wote kama ulivyoniandikia mimi, na mimi nitakuwa hapo nausikia kwa mara ya pili.

Pika chochote. Tutakula hata kama tumenuniana.

Dada yako